Mfupa Umebonyea

Alivua hereni, akachomoa pini nne za nywele,
akanidondoshea zote kwenye kopo la pamba,
kisha akauliza, na jina nalo alivue?

Kageha, wa Mbale, fundi wa cherehani,
tangu mwaka juzi hutunga uzi amefumba jicho moja
kwa kuwa akiyafumbua yote, sindano huwa mbili.
La kushoto lilikuwa limeshuka, limeegemea puani,
kama muumini aliyesukumwa kwenye benchi
na mtu aliyechelewa kuja ibadani.

"Lala. Usimeze mate. Usipepese."
Kitanda kikamwingiza taratibu kwenye duara.
Nje, mvua ya Kisumu ilitwanga mabati ya kantini,
nami naomba moyoni stima isipotee
kabla ya kipande cha mwisho.

Macho hayana pazia, walisema wahenga.
Sawa. Ila yana nyumba:
chumba chenye umbo la pia,
mifupa saba imebanana bega kwa bega,
na kwenye ncha, kijitundu
ambamo nuru yote aliyowahi kuiona mtu
hupita kwa foleni kwenda ubongoni.

Picha ikaja. Mfupa mweupe, mafuta meusi,
misuli ya kijivu imelishika jicho kama hatamu.
Na kule juu, pembeni, chini ya nyusi,
palipo kisima cha machozi,
donge.
Ukubwa wa zambarau iliyoiva.
Limetulia, kama limelipa kodi.

Alikuwa amenisimulia akifungua vifungo:
siku ya kumzika mama, jicho la kulia lilimwagika,
la kushoto likabaki kavu, linatazama tu.
"Watu waliona. Wifi yangu alihesabu.
Akasema nimemlilia mama nusu."
Na yupo jirani aliyejitolea kulitumbua kwa wembe.
Alikataa. Si kwa woga,
wembe wenyewe ulikuwa umetoka kukata kucha.

Daktari Achola akavuta kiti, akavirudia vipande,
mbele, nyuma, mbele, kama mtu anayetafuta
mahali alipoachia kitabu.
"Achana na donge," akasema. "Tazama ukuta."

Nikatazama ukuta.

Kuna mfupa ulioliwa: kingo zimechanika,
mkate uliopitiwa na panya usiku.
Nimeuona huo. Nimewapigia picha wenye huo
nikawaambia kwaheri kwa sauti ya kawaida.
Na kuna mfupa uliobonyea:
laini, mviringo, udongo uliokubali
kidole gumba cha mfinyanzi, mwaka baada ya mwaka,
bila ugomvi.

Akachapa kwa vidole viwili:
mfupa umebonyea, haujaliwa.
Akaongeza "huenda", maana ni mtu mwangalifu.
Akaongeza: wasilidunge sindano,
litolewe zima, na ganda lake.

Vitenzi viwili. Kati yake mtu mzima anaweza kupita
na cherehani yake kichwani.

Kageha akajitazama kwenye kioo cha dirisha akivaa hereni.
"Wakilitoa, jicho hili litalia?"
Mashine yangu haipigi picha ya hilo.
Nikamwambia amuulize mpasuaji.
Akacheka kidogo, "Basi wifi atahesabu tena."

Mlangoni, mwanamke mrefu mwenye gambuti za matope
amekumbatia mkoba, mwavuli na risiti.
Ndiye wifi. Mbuzi aliyelipia picha
alikuwa wake; karani alikuwa ameshasikia
hata rangi ya mbuzi huyo.

"Umeona nini?" akanishika mkono wa koti.

Sheria yetu ni moja: mpiga picha hasomi.
Jibu lilikuwa limeshachapwa nyuma yangu,
la moto bado kwenye karatasi,
halijapigwa mhuri.
Nikasema ninaloruhusiwa kusema:
"Amelala vizuri. Hakupepesa hata mara moja."

Wifi akaitikia kwa kichwa,
akageukia ukuta,
akapangusa macho yake, yote mawili.