Tripu Mia Nne

Hema tuliliazima kwa skauti wa Korogwe,
lina kiraka cha gunia la katani, na harufu
ya mvua ya mwaka mwingine.
Tulishuka Mazinde saa tisa, jua bado lina kisirani,
mimi, Nakijwa, na kaka yangu Mbelwa
aliyekuja kwa sababu tulimwambia kuna nyama.

Miaka kumi na tisa Mbelwa amepakia mchanga.
Koleo limemkunja kidole cha pete, hakinyooki.
Kwa hiyo tulipotokeza nyuma ya minyaa
na vilima vikasimama mbele yetu, vyekundu, laini,
kama migongo ya ng'ombe waliolala,
mimi nilinyamaza. Nakijwa akasema, Mungu wangu.
Yeye akafumba jicho moja, akapima:
"Hiki cha kwanza, tripu mia nne.
Kile cha nyuma sikisemei, kina udongo."

Na nyuma ya vyote Usambara, ukuta mzima,
umejifunga ukungu kiunoni
kama mama anayesonga ugali wa msiba.

Kupanda si kupanda. Unakwenda hatua mbili, unarudishwa moja.
Mchanga hauna ugomvi na mtu,
unakupisha tu,
na huko kukupisha ndiko kunakochosha.
Nakijwa alivua viatu, akavivaa tena upesi, akitukana Kipare.
Goti langu la kushoto likaanza habari zake.
Mbelwa akapita katikati yetu, mshazari, hana haraka,
kama mtu anayevuka ua wa nyumba yake.
"Usishindane nao," akasema. "Upe ubavu."

Jioni vigingi viligoma. Kila tulichokipigilia
kiling'oka kama jino la mtoto.
Mbelwa akacheka, mara ya kwanza tangu Mombo,
akajaza viroba mchanga, akavifunga kamba, akavizika.
Hema likasimama.
"Mchanga hufungwa kwa mchanga."

Usiku mlima ulitushushia baridi yake bila hata hodi.
Kuni za mgunga ziliwaka kwa hasira, nyama ikaiva upande mmoja.
Juu kabisa taa za watu zikatokea mojamoja,
tusijue ipi nyota, ipi jiko la Msambaa
anayechemsha maharage ya kesho.
Malori ya njia ya Moshi yalinguruma kwa mbali,
na kila moja lilipobadili gia
Mbelwa aliinua kichwa, kama aliyeitwa jina.

Kisha akasema, hakuna aliyemuuliza:
"Unajua huu umetoka wapi? Kule juu.
Mvua huukwangua mlima, mto huuleta,
mto hufa, upepo hurithi.
Huu mlima nimeubeba kwa koleo, dada.
Umo kwenye shule Segera.
Umo kituo cha polisi, nimelala humo siku mbili.
Umo kwenye kaburi la baba,
lile tulilolisakafia kwa deni."

Nakijwa alikuwa ameshalala. Mimi sikuwa na la kujibu.
Niliuchota. Juu ulikuwa baridi,
lakini vidole vilipozama kidogo
jua la mchana lilikuwa bado limo.

Alfajiri hakuwemo hemani.
Nyayo zake zilipanda mshazari
na upepo ulikwisha kuanza kuzila.
Nikamkuta kileleni, suruali ameikunja magotini,
mlima mbele yake umevua ukungu,
makorongo yake yote wazi, kama mbavu.
Hakupima. Au alipima, hakusema.
Alikuwa amechimba shimo dogo kwa mkono,
akakitia humo kile kidole kibovu, akakifukia,
kama watoto wanavyofukiana miguu,
na alikuwa anakisubiri.

Nikakaa. Goti likalia.
"Chai ipo?"
"Ipo. Ina mchanga."
"Basi ilete."