Kura kwa Kura

Saa nane za usiku, ukumbi wa michezo wa Aldersby
bado unanuka klorini ya bwawa lililo ukutani pa pili.
Meza zimepangwa juu ya mistari ya badminton
na mimi, mchana mpishi wa shule ya msingi,
usiku huu nimevaa ncha ya mpira kidoleni:
ishirini na tano, nafunga. Ishirini na tano, nafunga.

Kata kumi na sita zimeshatangazwa.
Washindi wamepigwa picha, wamekwenda zao
na maua yao ya utepe vifuani.
Imebaki yetu, Hollin Beck:
matofali mekundu, duka moja la chipsi,
na kijito ambacho kila Novemba
huingia majumbani mwa watu bila hodi.

Bi Winifred Ollerenshaw, miaka ishirini na saba barazani,
anajua kila shimo la barabara na siku lilipozaliwa.
Nadeem Chishti, fundi wa boila,
ameingia jikoni mwa nusu ya kata hii,
akatoka akiacha maji ya moto na kikaratasi cha kampeni.

Mia sita na kumi na moja.
Mia sita na kumi na moja.

Tukarudia. Tukanywa chai ya chupa, tukarudia tena.
Karatasi za mashaka zikaletwa moja moja, kama wagonjwa:
mmoja kaweka misalaba kotekote, hataki ugomvi;
mmoja kaandika, *Rudisheni basi namba arobaini na tatu*;
mmoja kachora mbwa, mzuri kweli, masikio kayasimamisha,
na ncha ya mkia imeingia
katika kisanduku cha Chishti.
Msimamizi akavua miwani, akavaa miwani.
Mawakala wakauinamia mkia ule
kama makadhi wanaobishania mwezi.
"Mkia si alama," akaamua.
Mbwa akatupwa kwa zilizoharibika.

Mia sita na kumi na moja.

Sheria yasema kura zikilingana, ipigwe kura.
Ndiyo hivyo. Neno limezunguka dunia, limerudi kwao.
Wiki sita za kugonga milango,
vidole kubanwa na matundu ya barua,
mabishano ya mapipa ya taka, mvua, mvua,
mwisho wake karatasi mbili zilizokunjwa
ndani ya kopo la biskuti za Krismasi
lililookotwa chumbani kwa mlinzi wa bwawa,
makombo yangalimo.

Hakuna aliyecheka.
Bi Winifred alishika mkoba kwa mikono miwili.
Chishti alitazama saa, akatazama viatu, akatazama saa;
binti yake kalala kwenye godoro la sarakasi,
kajifunika koti la babake.

Msimamizi akageuza uso, akazamisha mkono.
Akakunjua. Akasoma jina polepole,
kama mtu asomaye hati ya deni lake mwenyewe.

Chishti.

Watu wanane, labda tisa, wakapiga makofi.
Bi Winifred akamwendea, akampa mkono,
na kwa kuwa nilikuwa karibu nilimsikia:
"Mfereji wa Mtaa wa Tanner. Kabla ya Novemba.
Usingoje wakujibu barua. Nenda ukasimame mlangoni kwao."
Kisha akalitafuta koti lake kiti hadi kiti,
nalo likining'inia mkononi mwake.

Nafunga masanduku. Navua ncha ya mpira;
kidole kimekunjamana kama kilicholala majini.
Mimi ni wa Mtaa wa Tanner, nyumba ya nane,
ukutani mpaka leo ipo alama maji yalipofika.
Jana nilipita mbele ya kituo mara tatu:
na mkate, na furushi la dobi, na mwavuli.
Nikasema, nitarudi mvua ikikatika.

Haikukatika.