Mpeta

Chumba namba nne, hospitali ya Wete, feni haizunguki.
Mimi Asaa, kalamu ya bluu, fomu ya maswali tisa.
Yeye Time binti Shaame, wa Mtambwe,
miaka kumi na tisa mchambuaji wa karafuu kituoni;
kidole gumba bado kina rangi ya kutu.

"Kwa wiki mbili zilizopita, umekuwa na huzuni?
Sufuri, hapana kabisa. Moja, siku chache.
Mbili, siku nyingi. Tatu, karibu kila siku."

"Alhamdulillahi."

Nikasubiri. Feni nayo ikasubiri.
Alhamdulillahi haina kisanduku.
Nimefundishwa wiki nzima Chake, kwa chai na maandazi,
namna ya kuuliza bila kuinamisha sauti;
hatukuambiwa neno hili huandikwa sufuri au tatu.
Nikaliandika lilivyo.

Usingizi? "Nalala. Kisha naamka kabla ya majogoo,
nasikiliza bati."
Mbili.
Chakula? "Napika."
Nimeuliza kula. "Napika, nakwambia."
Tatu.
Uchovu? Akainua kikapu chake kitupu, akakiweka tena.
Hicho nacho nikakipa tatu.

Halafu akauliza yeye:
"Hiki mnachokitafuta kina jina?"
Sonona, nikasema.
Akalionja neno kama anayetafuna kikonyo.
"Sie kwetu mtu husononeka. Hufanya, na huweza kuacha.
Nyie mmelikata neno miguu, likakaa kitako,
likawa kitu, sasa laja kunikalia mimi."

Sikuwa na jibu. Nikarekebisha karatasi ambayo haikupinda.

"Sikatai kupanga. Kazi yangu ilikuwa kupanga:
daraja la kwanza huku, la pili huku, makonyo kando.
Na mpeta. Waijua mpeta?"
Nani Pemba asiyeijua:
karafuu iliyopauka, nyepesi, mafuta yameihama,
bei yake aibu.
"Ukiitia kwenye mizani, mizani yasema kilo ngapi.
Haisemi mvua ililikuta jamvi limetandazwa
na mwenyewe yuko matangani.
Fomu yako ina swali la mvua?"

Nikageuza upande wa pili, kama vile sijui.
Halimo.
Na kile kitabu kinene cha kabatini, chenye herufi na namba,
nacho hutazama rangi ya karafuu tu:
siku ngapi, dalili ngapi, tano kati ya tisa.
Kwa sababu nzuri, tuliambiwa: mvua za watu hazifanani,
rangi twaweza kukubaliana.
Nilimwambia hayo. Nusu yake.

Likabaki la tisa.
Umewaza kuwa afadhali usingekuwapo?

Akautazama mlango.
"Wanaosema ndiyo, mwawafanya nini?"

Nikaiweka kalamu chini.
Twakaa nao, nikasema. Leo twakaa, kesho twapiga simu,
dawa ipo, daktari huja Alhamisi,
kamba hakuna, pingu hakuna.
Nikamsogezea kikombe cha maji.

Ndipo akasema.
Mvua ya vuli, mtoto wa siku tatu.
Hakupewa jina, maana siku ya saba haikufika.
Na jamvi uani, karafuu zimeloa, hapana aliyezianua.
"Yeye hana jina mpaka leo," akasema,
"ugonjwa ndio uliopata."

Saa nzima. Foleni nje ikaguna, mtu akagonga, akagonga tena.
Jumla: kumi na sita.

Wiki ya tano alirudi. Kumi na moja.
Akahesabu kwa kidole kile cha kutu.
"Tano zimekwenda wapi?"
Sijui, Bi Time.
"Basi ziandike hapo pembeni, ijulikane zilikuwapo."
Nikaziandika.

Leo asubuhi ofisi ya takwimu, Unguja, wamepiga simu:
fomu ya ishirini na saba ina maandishi nje ya mstari.
Hizi tano za nini?
Na hili neno kwenye swali la kwanza,
walitie kama ngapi?