Walikosea Mkate

Jumatatu, saa kumi na mbili, Goole bado imejifunika ukungu.
Nafungua duka, na kabla trei ya kwanza haijapoa
Desmond Thackray keshaingia, kofia mkononi.
"Treni ile!" Hajanisalimu.
"Mwaka arobaini na saba, theluji hadi magotini,
halafu wanatuonyesha kichwa cha treni
kilichoundwa hamsini na moja!"
Alivuta vishikio vya ishara kibandani
miaka thelathini na minane.
Kwake mauaji ni jambo dogo.
Treni ndiyo dhambi.

Mkasa wenyewe, kwa asiyeuona jana:
mume kakutwa chini ya ngazi za stoo, shingo imevunjika.
Mke anashikilia kwamba aliteleza.
Inspekta Pellow anatia mkono kwenye pipa la unga,
anatoka na barua
ambayo yule mama alimwandikia dada yake, asiitume.
Anaisoma. Anaisoma tena.
Anatazama alama kwenye kifundo cha mkono wa mama.
Kisha, na hapa ndipo mji ulipopasuka vipande viwili,
anafungua mlango wa jiko la makaa
na barua inageuka moshi.

"Miaka sita namwamini!" Maureen Stott anabonyeza skonzi
kana kwamba nazo zina la kujibu.
"Ndugu yake wa tumbo moja alimtia pingu,
leo anachoma ushahidi?"
Hatazami tena, ameapa.
Aliapa vivyo hivyo walipomuua sajini,
na Jumapili iliyofuata dirisha lake
likang'aa bluu saa tatu kamili.

"Sheria ni msumeno," asema Ivor Lockwood.
Na Clive, pacha wake, ambaye hawaafikiani
hata kama mvua inanyesha:
"Msumeno haujishiki wenyewe, Ivor.
Mkono wa yule mama hukuuona?"
Wamesimama mlangoni. Baridi yote ya mto inaingia.

Tamsin, anayenisaidia kaunta,
hajali nani alimsukuma nani.
Anashona koti kama la Pellow,
alisimamisha picha mara arobaini ahesabu vifungo.
Sita, anasema. Si vitano.

Nami nikatoa langu, maana kila mtu na upele wake.
Mkate. Ule wa mezani kwa mjane,
mweupe kama shuka la hoteli, vipande sawasawa!
Babu alioka hapa hapa, tanuri hili hili,
mkate ukipatikana kwa kuponi,
na unga wa serikali una rangi ya maji ya kufulia.
Wakacheka.
Desmond akasema treni ni mbaya zaidi.

Enid Proctor alikuwa nyuma yao.
Ana miaka themanini na minane. Hununua nusu mkate,
siku zote nusu, sarafu kamili kiganjani.
Hakuna aliyemuuliza lake.
Akangoja hadi ubishi ukahamia barabarani,
akapanga sarafu moja moja juu ya kaunta.

"Umesema kweli," akaniambia. "Ulikuwa wa kijivu,
uling'ang'ania kisu.
Mama aliukata siku ile, mikono haitulii,
akanipa ganda la mwisho,
lile ambalo baba hakuruhusu mtu aliguse.
Nilikuwa na miaka kumi. Tulikula tukashiba.
Mlango wa stoo ulikuwa umerudishwa."

Nikashika mkate, nisijue niuweke wapi.

"Polisi aliyekuja alikuwa mfupi," akasema,
"hakuwa na koti zuri kama lile.
Alivua kofia. Akaomba chai.
Akakaa akiangalia jiko, muda mrefu sana."

Nikaufunga kwa karatasi, nikaufungua,
nikaufunga tena; vidole vilisahau kazi.
Akaupokea, akautia mfukoni mwa kikapu,
akakaza skafu.
Mkono ukiwa kwenye kitasa, akageuka.

"Mkate ndio walikosea," akasema.
"Mengine yote walipatia."