Rasimu ya Pili

Rasimu ya kwanza niliiandika peke yangu,
feni ikizunguka, mlango nimeufunga:
visanduku kumi na vitano, kila kimoja na kifuniko chake.
Anwani. Mwandishi. Mwaka. Lugha. Mada.
Nikajiona nimemaliza.
Nikatoa nakala arubaini, nikazipeleka Langoni,
chuoni, Jumamosi baada ya alasiri,
nikasema: semeni, msinionee haya.

Hawakunionea.

Wa mwanzo Lali Kombo, fundi wa majalada,
vidole vyake vingali na gundi.
"Umeandika Mwaka. Mwaka wa nani?"
Hati yake ilikamilika Rajabu, elfu moja mia tatu na kumi na mbili;
mashine ilizipokea tarakimu nne bila kuuliza
ikaitupa nyuma karibu karne sita,
hati ikawa kongwe kuliko karatasi yake.
Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa kuchelewa,
nikaandika ukingoni: kalenda ipi?

Mwalimu Zamzam akashika Jina la Ukoo.
"Humu tuna waandishi kumi na tisa wa ukoo wa Bin,
na wanawake saba wa ukoo wa Binti.
Jamaa kubwa hiyo! Mbona harusi zao hatualikwi?"

Na kijana wa Siyu, Athmani Famau,
aliyekuja na mashua ya asubuhi kwa ajili ya neno moja:
"Lugha, umejaza Kiswahili. Hiki ni Kisiu.
Ni kama kubandika kibao kwenye mtungi: kinywaji."

Kisha tukafika kwa Mwandishi.

Nilikuwa nimejaza Hajulikani mara sitini na moja.
Nililipenda neno hilo. Safi. Halina deni kwa mtu.
Bi Mwanamkuu Shee hakuinua mkono;
alimsindikiza tu mjukuu wake, mwenye simu.
Aliomba picha ikuzwe. Ikuzwe tena.
Mpaka herufi moja ikajaa kioo kizima.

"Hayulikani na nani?"

Hakuna aliyemjibu.

"Kafu hini naiyua. Mkia umepinda
kama wa mtu aliyeitwa ghafla.
Ni mamangu mdogo, Mwana Nuru.
Alikuwa akinakili usiku, mumewe akisha kulala.
Jina hakutia. Angelitia wapi?"

Angelitia wapi.
Nikakitazama kisanduku changu:
upana wake wa mtu mmoja, mwenye sahihi,
mwenye mchana.

Tukabishana hadi adhana ya magharibi, tukakivunja.
Aliyetunga. Aliyenakili. Aliyeghani.
Aliyeificha chini ya godoro isije ikauzwa.
Hiki cha mwisho sijakiona katika kiwango chochote nilichosoma,
na Mahazi, mtunza seva, alitikisa kichwa:
mfumo hautakubali.
"Basi nao utiwe chuoni," akasema Zamzam,
akakusanya kalamu zake.

Si yote yaliyokwisha.
Mkunga mmoja anataka dua za uzazi zifungwe,
zisomwe na anayehitaji, si anayepita;
wanafunzi wanataka kila kitu wazi.
Na kuna nakala moja iliyorudi imeandikwa
SIKUBALI, kwa wino mwekundu, bila sababu, bila jina.
Nimeihifadhi pamoja na zote.
Mwandishi wake, kwa kweli, simjui.
Mwandiko nimeupiga picha.

Usiku huu mlango uko wazi, feni imezimika na umeme,
betri ina dakika ishirini.
Nimerudi kwa zile sitini na moja.
Moja nimeijaza: Mwana Nuru, mnakili,
kwa kauli ya mwana wa dadake.
Katika sitini zilizobaki nimelifuta lile neno safi.
Mahali pake nimeandika, moja baada ya moja,
bila kunakili na kubandika:

Anajulikana. Tunaulizia.