Kadibodi Chini ya Gari

Wiki tatu sasa gari linatia sahihi kwenye theluji
kila linapolala: alama nyekundu,
rangi ya juisi ya rosela iliyosahaulika jikoni.
Lempi anasema, "Gari lako linavuja."
Likiwaka asubuhi, baridi ikiwa imekaba koo, ni letu.
Likivuja, ni langu.

Mercedes ya dizeli, ya mwaka themanini na tatu,
maili laki tatu na ushei.
Hapa Hancock kila majira ya baridi
humwagwa chumvi barabarani
kana kwamba mji mzima ni mchuzi usiokolea.
Imekula milango,
imekula sakafu upande wa abiria
(Lempi hukanyaga ubao),
na sasa imefika kwenye mishipa.

Mishipa ni miwili, ya chuma, myembamba kama kidole cha mwisho.
Mmoja hupeleka mafuta ya giaboksi mbele, kwenye rejeta, yakiwa moto;
mwingine huyarudisha yamepoa,
kama mtu aliyetoka nje kupunguza hasira
akarudi mezani.

Nililala chali juu ya zulia bovu,
nikafuta, nikatazama, nikaona tone
linaning'inia chini ya giaboksi yenyewe.
Nikasema: sili.
Nikaagiza sili, nikabadilisha sili,
Jumapili mbili zikapotea.
Tone likarudi palepale, limenona.

Lempi, katoka zamu ya usiku hospitali,
angali na raba zake nyeupe,
akaja na kopo la poda ya watoto
akalipaka bomba zima, mwanzo hadi mwisho.
"Haya, liendeshe hadi darajani, urudi."

Nikaenda, nikarudi.
Kwenye poda palikuwa na mstari mwekundu
ulioanzia mbele kabisa, nyuma ya rejeta,
ukatambaa na bomba, upepo ukiusukuma,
hadi pale nilipokuwa nimepalaumu.
Tone huanguka lilipochokea,
si lilipozaliwa.

Na hapo lilipozaliwa, lo!
Mjinga fulani alikuwa amekata chuma
akaunga kwa mpira wa hita,
mpira wa maji, jamani, si wa mafuta!
Umevimba, umelainika kama mkate kwenye chai,
kampu moja tu, na waya juu yake.
Nikamtukana mjinga yule kwa Kifini cha bibi yangu,
lugha ambayo nimerithi matusi yake tu,
mpaka mwanga wa tochi ukatua juu ya waya:
mizunguko mitatu,
ncha imekunjwa ndani isimkwaruze mtu.

Ni mimi hukunja hivyo.

Lempi hakusema neno.
Tochi ndiyo iliyotikisika.

Labda ulikuwa mwaka ule Eino alipovunjika nyonga,
tukawa tunakimbilia Marquette kila wiki, kwenda na kurudi,
dawa kwenye kiti cha nyuma, blanketi, chupa ya chai.
Hatukuwa na muda wa kazi nzuri.
Tulikuwa na muda wa waya.
Na waya ule ulishika. Miaka kumi na moja.

Basi nikakata chuma mpaka pasipo kutu,
nikapiga tupa, nikachanua ncha kidogo
bomba lipate mdomo wa kuung'ata mpira.
Mpira mpya, wa mafuta hasa. Kampu mbili kila upande.
Nikakaza mpaka mkono ukasema inatosha,
maana anayekaza kwa hasira hukata.
Kisha mafuta mapya kwa faneli, taratibu,
injini ikinguruma, stiki ikiingia na kutoka
kama kipimajoto kwenye kwapa la mtoto.

Usiku Lempi alitandaza kadibodi safi chini ya gari,
akaandika tarehe kwa kalamu yake ya wodini.

Asubuhi nikapiga magoti kwenye theluji.
Tone moja.
Nikaligusa, nikalisugua kati ya vidole.
Jeusi.

"La injini hilo," nikapaza sauti kuelekea dirishani.
Dirisha likafunguliwa kidogo:
"Hilo ni la mwezi ujao. Ingia unywe kahawa."