Shamba la Karanga, Ipuli

Tabora mjini, upande wa stesheni,
barabara bado zinasalimiana:
ukiikosa hii unaishika ile,
mbwa akikukimbiza una kona nne za kuchagua.
Huko alipima mtu wa kofia na mnyororo
(minyororo ya kabla yake haikupima mitaa).

Huku nilipima mimi.
Kamba ya katani, vigingi vya myombo,
shamba la karanga la marehemu mama:
ishirini kwa ishirini, ishirini kwa ishirini,
hatua zangu, si mita,
na siku ya kushiba hatua zilikuwa fupi.

Wa kwanza Lugayila, dereva wa lori la tumbaku.
Kisha Mwalimu Nyanzala.
Kisha mtu wa Urambo ambaye hajarudi;
kiwanja chake kinaota mbigili.
Kila aliyeuliza, "Njia iko wapi?"
nilimwonyesha kwa kidevu shamba la jirani:
"Si pale? Pale pote njia."
Naye jirani, Kapela,
wateja wake alikuwa akiwaonyesha shamba langu.

Mji ukaja kwa tripu za mchanga.
Ukuta, na juu ya ukuta vigae vya chupa.
Njia ya baiskeli ikawa ya mguu,
ya mguu ikawa ya kuku,
ya kuku ikagonga choo cha Lugayila,
ikafia hapo.

Kisima nakiona nikiwa juu ya paa:
hatua sitini.
Kwa miguu, elfu moja mia mbili na nane.
Nimezihesabu; mpimaji huhesabu hata aibu yake.
Nateremka hadi lami, nazunguka ghala la asali,
naingia tena mtaani kwangu kama mgeni,
na ndoo, ikitua, safari imeshakunywa robo.

Mwaka ule wa mvua nyingi
Nyanzala alishikwa na uchungu usiku.
Gari lilisimama lami, taa zikiwaka,
likituona, tukiliona.
Niling'oa mlango wangu, tukamlaza juu yake,
tukampitisha ukuta baada ya ukuta,
mikono juu, vigae vikitukata.
Mtoto wakamwita Nzila.
Kinyamwezi hakimung'unyi maneno.

Juzi mwenyekiti wa mtaa kaleta ramani:
kila mtu atoe mita moja na nusu.
Tukaafiki wote, tukapiga makofi,
kisha kila mmoja, kwa kidevu,
akaonyesha ukuta wa mwenzake.

Jumamosi nikaanza na wangu.
Tofali saba, mpini wa nyundo ukavunjika.
Nikakaa kwenye vumbi.
Mkono mdogo ukapenya tunduni,
kiganja wazi:
"Babu, nipe karanga."

Sina, Nzila.
Niliziuza pamoja na udongo.